Kigoda Kina Mwenyewe

Anayeongoza kikao tunamwita mwenyekiti. Hatumwiti mwenye meza, wala mwenye kofia. Neno hili limetuzoea hata hatulisikii tena, lakini ukilitenga vipande viwili linasema jambo la wazi: hapa pana watu wengi na kiti kimoja, na kiti hicho kina mwenyewe. Hata Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilipoanzisha mwaka 2008 nafasi ya uprofesa kwa jina la Mwalimu Nyerere, kiliiita Kigoda cha Mwalimu, na kwa hakika sidhani kama lingepatikana jina zuri zaidi.

Naanza na neno kwa sababu vitu vyenyewe sasa vinatafutwa. Watu wa mjini wamependa vigoda vya zamani. Mtu amemaliza nyumba yake Bunju au Mbweni, ameweka makochi na zulia, kisha anataka kitu kimoja cha wazee kikae pembeni ya mlango. Barabara ya Bagamoyo kwenda Msata ina lami. Asubuhi moja inatosha kufika Fukayosi, kuulizia nyumba kwa nyumba, na kurudi kabla ya jua kuzama. Hamu hiyo siilaumu. Heri kigoda kikaliwe sebuleni kuliko kiliwe na mchwa nyuma ya jiko. Ila anayekwenda huko aelewe kwanza anatafuta nini.

Fukayosi imo katika nchi ya Wakwere, majirani wa Wazaramo na Wadoe. Katika nchi hiyo kigoda cha kawaida ni kifupi, cha duara, chenye miguu mitatu, nacho huchongwa kutoka gogo moja bila msumari wala gundi. Miguu mitatu si ufukara wa ufundi. Sakafu ya udongo haiko sawa, na kitu cha miguu mitatu hakiyumbi hata ukikiweka kwenye mabonde. Juu ya hicho kilikuwapo kiti cha mkubwa, chenye mgongo mrefu uliochongwa pamoja na kikalio, na mara nyingine kileleni mwa mgongo huwekwa mwana hiti: kiwiliwili kisicho na mikono, na kichwa chenye mashungi mawili ya nywele. Sanamu hiyo hiyo mwali alipewa alipowekwa ndani, na hiyo hiyo ilichongwa kwenye fimbo za wakubwa na juu ya makaburi. Kwa hiyo aliyekaa juu ya kiti kile aliegemea ukoo wake. Na ukoo kwa Wakwere, kama kwa Wazaramo na Waluguru, huhesabiwa kwa mama.

Viti vya namna hiyo usitegemee kuviona Fukayosi. Bagamoyo ilikuwa makao ya utawala wa Wajerumani hadi mwaka 1891, na tangu 1889 serikali yao ilikwisha amua kwamba vitu vinavyokusanywa na misafara ya serikali makoloni vipelekwe kwanza makumbusho ya Berlin. Vilikwenda kwa maelfu. Kiti maarufu cha mtemi kutoka Unyamwezi, chenye umbo la mtu mgongoni, kiko huko hadi leo. Vilivyobaki vilipoteza kazi yake mwaka 1963, machifu walipoondolewa kwa sheria, kwani kiti cha mkubwa bila ukubwa ni ubao tu. Miaka kumi baadaye ikaja Operesheni Vijiji, na mtu anayehamishwa hubeba kwanza sufuria, mbegu na watoto.

Viti vya enzi vya Lamu, Pate na Unguja, vile vya mpingo vilivyotiwa pembe na kusukwa kwa kamba, ni habari nyingine. Hivyo ni vya nyumba za mawe, aliwekewa mgeni wa heshima, na akiletewa mtu kwa bei ya karanga ajue kuna walakini.

Tuseme basi umeletewa kigoda. Kigeuze. Juu kila mtu anaweza kupang'arisha. Chini ndiko fundi alikoacha alama za tezo, na ndiko mdanganyifu anakosahau. Kigoda kilichokaliwa miaka hamsini hakikuchakaa sawasawa. Kina ng'aro pale mapaja yanapogusa, kimelika ukingoni pale mkono unapokishika kukihamisha, na miguu yake imepungua upande mmoja zaidi. Kikiwa cheusi mahali pote kwa kiasi kile kile, futa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, maana kiwi ya viatu imegeuza miti mingi myeupe kuwa mpingo. Mpingo wa kweli ni mzito mkononi na kipande chake huzama majini. Tena si sifa peke yake: kigoda cha jikoni hakikuhitaji mpingo, na anayekusifia mpingo kwa kila kitu anakuuzia utalii. Ufa wa zamani una taka ndani yake. Ufa mpya ni msafi. Matundu ya wadudu yasikutishe, ila ukigonga ukaona unga mweupe unamwagika, wadudu wamo bado, na watahamia kwenye fremu za milango yako.

Hayo yote ni habari ya mti, na fundi mwerevu mwenye moshi na subira anaweza kuyaiga karibu yote. Kuna jambo moja asiloweza kuliiga, nalo ni jibu la swali: hiki kilikuwa cha nani? Hapa ndipo mnunuzi wengi hupita haraka, hali ndipo penye uzito. Kwa mila ya ukoo wa mama, kilichokuwa cha mzee hakimfuati mwanawe; humfuata mpwa wake, mtoto wa dada. Uislamu, ambao una mizizi mirefu pwani hii, humpa mtoto fungu lake. Basi kigoda kimoja kinaweza kuwa na warithi wawili, kila mmoja kwa sheria yake, na anayekuuzia ni yule tu aliyekuwapo nyumbani siku ile. Ukilipa ukaondoka, umejiwekea sebuleni ugomvi wa watu wengine. Mimi naona adabu ni kuomba mjomba au mpwa aitwe, usubiri, unywe maji, hata kama ni kurudi wiki nyingine. Wakikataa, wamekataa. Na kama ni kiti cha mganga, au cha mtu aliyekuwa akipandisha, usishangae wakikataa hata kukuonyesha: katika lugha ya ngoma hizo, mtu anayekaliwa na pepo naye huitwa kiti.

Serikali nayo ina neno lake. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavihesabu kuwa vya kale vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863, na inazuia kuvipeleka nje ya nchi bila kibali. Ni vigoda vichache vitakavyofika umri huo katika hali yetu ya hewa, lakini mwenye ndugu Ulaya anayetaka kumpelekea zawadi aulize kwanza.

Mimi ningeulizwa nichague, ningeacha cha mkubwa nikatafuta mbuzi. Ule ubao wa kukunia nazi, unaokunjwa, wenye ulimi wa chuma chenye meno. Hakuna anayeughushi, maana hakuna anayeuona kuwa na thamani. Ulimi utakuta umebadilishwa na mhunzi mara mbili au tatu, ila ubao ni ule ule wa bibi, umebonyea kwa kukaliwa kila jioni. Tena huyo mwenyewe anajulikana, na mara nyingi yuko hai, anakutazama. Akikubali kuuza, nenda gulioni umletee mbuzi mpya kabla hujaondoka na wa zamani, kwa sababu usiku huo nyumba ile bado itataka tui.