Mtambikaji, Kuhani na Mvua ya Vuga

Karl Roehl, mmisionari Mjerumani aliyechapisha sarufi ya Kishambaa mwaka 1911, alikamilisha mwaka 1937 tafsiri ya Biblia nzima kwa Kiswahili. Alikusudia kupunguza maneno yenye asili ya Kiarabu, na mahali ambapo wengine waliandika "kuhani" yeye aliandika "mtambikaji". Neno lake halikudumu. Biblia ya Muungano ya mwaka 1952 inasema "kuhani", na ndivyo tunavyosema sote. Hata hivyo, chaguo lile linaibua maswali ambayo wanafunzi wa historia ya utawala wangefaa kuyakabili. Mtu anayehudumia ibada kwa niaba ya umma hula wapi? Nani humkagua? Na je, inafaa mtu huyo awe ndiye mwenye mkuki?

Katika milima ya Usambara mtambikaji hakuwa mwajiriwa. Mzee wa ukoo alitambika kwa mizimu ya kwao, kisha akarudi kwenye mgomba wake kama watu wengine. Wamisionari wa Betheli, waliofika Mlalo mwaka 1891 na Vuga mwaka 1895, waliyapinga matambiko hayo. Nami sikosi kutabasamu nikikumbuka kwamba ni mwenzao aliyekuja kumpa Haruni jina la mzee yule yule.

Walawi wa Israeli ya kale walikuwa watu wa namna nyingine. Kabila zima lilitengwa kwa kazi ya hema, na ndani ya kabila hilo uzao wa Haruni peke yake ndio uliokaribia madhabahu. Waliosalia walikuwa wasaidizi, na kitabu cha Hesabu kinawagawia kazi kwa undani ambao ofisi nyingi za leo zingeuonea wivu. Wana wa Gershoni walibeba mapazia na vifuniko, wakapewa magari 2 na ng'ombe 4. Wana wa Merari walibeba mbao, nguzo na vigingi, wakapewa magari 4 na ng'ombe 8. Wana wa Kohathi, waliokabidhiwa vyombo vitakatifu kabisa, hawakupewa gari hata moja: walibeba mabegani, kwa miti, baada ya makuhani kuvifunika, na hawakuruhusiwa kuvigusa wala kuvitazama. Waliohesabiwa kwa kazi hiyo, wenye umri wa miaka 30 hadi 50, walikuwa 8,580. Hawakugawiwa jimbo kama makabila mengine. Walipewa miji 48 ya kukaa pamoja na malisho yake, wakaishi kwa zaka, nao wenyewe wakatoa zaka ya zaka hiyo kwa makuhani.

Mambo ya Nyakati, kitabu kilichoandikwa baadaye sana, kinataja Walawi 38,000 wakati wa Daudi: 24,000 wa kusimamia kazi ya nyumba ya Mungu, 4,000 mabawabu, 4,000 waimbaji, na 6,000 wasimamizi na waamuzi. Tarakimu hizo mwanahistoria atazipokea kwa tahadhari. Mgawanyo wenyewe ndio unaonivutia, kwa kuwa hapo mhudumu wa ibada na mtumishi wa serikali wanaonekana kuwa mtu mmoja.

Lakini mfalme alikatazwa uvumba. Kitabu hicho hicho kinasimulia jinsi Uzia, mfalme hodari na mjenzi wa minara, alivyoingia hekaluni kufukiza mwenyewe. Makuhani 80 wakamzuia, naye akatoka na ukoma katika kipaji cha uso. Mkuki ulikaa kwa mmoja na chetezo kwa mwingine.

Vuga, mji mkuu wa Wakilindi ulioko kusini mwa Lushoto, ulichagua njia nyingine. Mfalme aliyeitwa Simba Mwene ndiye aliyepokea kodi, ndiye aliyehukumu, na ndiye aliyeaminiwa kushika mvua. Washambaa walikuwa na maneno mawili ya kumpimia: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, yaani kuiharibu. Mfalme asiye na mshindani huiponya nchi, maana nguvu yake haigongani na ya mwingine. Watawala wawili wanaolingana huiharibu, mvua ikakoma na njaa ikaingia. Ndiyo sababu kifo cha mfalme kilifichwa mpaka mrithi awe amekwisha kuingia Vuga. Ndiyo sababu pia kodi haikuhesabiwa kuwa unyang'anyi, mradi mvua ilinyesha.

Mpango huo ulikuwa na kizuizi chake. Kandoni mwa mfalme walikuwako maofisa wasio Wakilindi, watu wa koo za kawaida ambao hawangeweza kukitamani kiti kwa kuwa hakikuwa cha ukoo wao. Naona hapo kivuli cha Mlawi: kutokuwa na urithi ndiko kulikomfanya mtu aaminike karibu na kitu kikubwa.

Kimweri ye Nyumbai, ambaye Krapf alimtembelea Vuga mwaka 1848 na tena mwaka 1852, alifariki mwaka 1862. Mjukuu wake Shekulwavu akarithi, lakini Semboja, mwana wa marehemu, alikaa Mazinde kwenye njia ya misafara, mahali ambapo bunduki zilipatikana. Vita vilivyofuata viliwafanya raia kuwa bidhaa ya soko la watumwa. Abdallah bin Hemedi aliyasimulia mengi ya mambo hayo katika Habari za Wakilindi. Hukumu yangu ni kwamba mahali ambapo mvua na mkuki viko mkononi mwa mmoja, kuupasua mkono huo ni kuvipasua vyote viwili. Hakubaki mhudumu wa ibada ya nchi aliyesimama nje ya ugomvi, ambaye wote wangemsikiliza.

Nisieleweke kwamba Yerusalemu kulikuwa na malaika. Katika mwaka wa 23 wa mfalme Yoashi ilibainika kwamba makuhani walikuwa wakipokea fedha za hekalu bila kuziba ufa hata mmoja. Hawakuhubiriwa. Liliwekwa sanduku lenye tundu kifunikoni, kando ya madhabahu, na lilipojaa, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu walizihesabu fedha kwa pamoja, kisha zikaenda moja kwa moja kwa maseremala na waashi.

Na siku za Nehemia mambo yaligeuka upande wa pili. Kuhani Eliashibu alimpa Tobia, mtu wake wa karibu, chumba kikubwa cha hekalu kilichokuwa ghala la posho ya Walawi. Posho ikakoma, na waimbaji na wahudumu wakakimbilia kila mtu shambani kwake. Nehemia aliporudi kutoka kwa mfalme wa Uajemi alivitupa nje vyombo vya Tobia. Hakuwalaumu waliokwenda kulima; aliwagombeza wakubwa, akawarudisha wahudumu mahali pao, kisha akalikabidhi ghala kwa watu wanne: kuhani mmoja, mwandishi mmoja, Mlawi mmoja, na msaidizi wao.