Nadhani, naona, huenda: viwango vya hakika katika vitenzi vya kufikiri

Kwa ufupi

Katika Kiswahili, kitenzi cha kufikiri humtaja mwenye wazo, na neno la uwezekano hulipima jambo linalowazwa. Ndiyo maana neno la uwezekano hukaa baada ya kitenzi, ndani ya kishazi kinachofuata: *Nadhani huenda boti imechelewa*, si *Huenda nadhani boti imechelewa*. Mfasiri anayevichanganya hubadilisha kiwango cha hakika cha msemaji. Katika ushahidi wa mahakamani, maelezo ya mgonjwa au habari ya gazeti, kosa hilo laweza kumdhuru mtu.

Mifano ya makala hii ina mazingira ya Unguja. Kiunguja, lahaja ya mjini Zanzibar, ndicho kilichoteuliwa katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu.

1. Ngazi ya vitenzi

Tukianza na hakika na kushukia dhana, vitenzi vikuu ni hivi:

- najua: kwa msemaji, jambo ni kweli. Huimarishwa kwa *fika*, *vyema* au *kwa hakika*: *Najua fika kwamba duka limefungwa.*
- naamini: msemaji amesadiki, hata kama hana ushahidi mkononi. Huimarishwa kwa *kabisa* au *kwa dhati*.
- naona: rai inayotokana na dalili. Mvuvi wa Nungwi anayetazama mawingu husema *Naona mvua itanyesha*. Hasemi kwamba ameiona mvua.
- nafikiri: rai iliyopimwa akilini.
- nadhani: dhana. Msemaji anakiri kwamba huenda akakosea.

Kielezi *sana* hakiandamani na *nadhani*. Kikiandamana na *kufikiri* au *kufikiria* hubadilisha maana: *Nafikiri atasafiri* ni rai, bali *Anafikiria sana safari yake* ni kutafakari au kuwa na wasiwasi. Mtu akitaka kusema kwamba rai yake ni thabiti, hapandishi *nadhani* kwa kielezi. Huchagua kitenzi cha ngazi ya juu, yaani *naamini kabisa* au *nina hakika*.

2. Mahali pa huenda, labda, pengine na yumkini

*Huenda* hutangulia kitenzi chake na aghalabu hufuatwa na *-ka-*, *-me-* au *-ta-*: *Huenda akaja*, *Huenda amefika*, *Huenda atakataa*. *Labda* na *pengine* zina uhuru zaidi, na huweza hata kufunga sentensi: *Atakuja kesho, labda.* *Yumkini* ni ya maandishi rasmi zaidi.

*Labda nilidhani ni yeye* ni sahihi pale tu msemaji anapoitilia shaka kumbukumbu ya wazo lake mwenyewe. Ikiwa shaka ni juu ya mtu aliyeonekana, iandikwe *Nilidhani labda ni yeye*.

Wanaofasiri kutoka Kiarabu wawe waangalifu. *Labda* inatokana na *lā budda*, ambayo kwa Kiarabu ni «hapana budi». Neno lilipoingia katika Kiswahili maana yake iligeuka ikawa ya shaka, ilhali *budi*, lenye asili hiyohiyo, lilibaki na maana ya kulazimika: *Sina budi kwenda.* Kwa hiyo *lā budda* ya Kiarabu ifasiriwe *lazima* au *hapana budi*. Anayeiandika *labda* huigeuza hukumu ikawa dhana.

3. Kukanusha

Linganisha:

- *Nadhani hatakuja.* Msemaji ana rai, na rai hiyo ni kwamba hatakuja.
- *Sidhani kama atakuja.* Msemaji hana tegemeo la kuja kwake. Kauli ni laini zaidi, na ndiyo inayofaa katika majibu ya adabu.

Kwa *kujua*, kiunganishi ndicho kinachoamua. *Hajui kama baba yake amefika* haisemi iwapo baba amefika au la. *Hajui kwamba baba yake amefika* inathibitisha kwamba amefika, isipokuwa mtoto hana habari. Katika maandishi ya sheria tofauti hii haivumiliki kupotea.

4. *-nge-* na *-weza*

Kiingereza hulainisha rai kwa kukiongezea kitenzi chenyewe kisaidizi, kama katika *I would think*. Kuihamisha kauli hiyo neno kwa neno huleta *Ningedhani*, na Kiswahili husikia jambo jingine kabisa: dhana ambayo msemaji hakuwa nayo. *Ningedhani umeondoka, lakini nimeviona viatu vyako mlangoni.* Anayetaka ulaini wa adabu aandike *Naona*, *Mimi naona* au *Kwa maoni yangu*.

Hali kadhalika, *Naweza kufikiri* ni uwezo wa akili. Si rai ya upole. Lakini *Unaweza kudhani* ina kazi yake mahususi: huonya kwamba dhana inayofuata si sahihi. *Unaweza kudhani nyumba hii haina watu. Piga hodi usikie.*

5. *Lazima* na *atakuwa*

*Lazima* ina maana mbili, na umbo la kitenzi ndilo linalozitenga:

- *Lazima afikiri kabla ya kutia saini.* Ni wajibu. Kitenzi kiko katika dhamira tegemezi.
- *Lazima atakuwa amefikiri sana.* Ni hitimisho la msemaji.

*Lazima awe nyumbani* hubeba maana zote mbili. Ikiwa muktadha hautoshi, hitimisho liandikwe *Bila shaka yuko nyumbani* au *Hapana shaka yuko nyumbani*.

*Atakuwa* pia si wakati ujao kila mara. *Saa hizi atakuwa Darajani* ni makisio juu ya sasa. Huafikiana vizuri na *nadhani*: *Nadhani atakuwa ameshafika Forodhani.*

6. *Nilidhani*

Katika wakati uliopita, *nilidhani* huelekea kueleza dhana iliyokwisha kuanguka. *Nilidhani umesafiri* humwambia msikilizaji: kumbe upo. Umbo la *-dhania* huifanya maana hiyo kuwa wazi zaidi: *Nilimdhania daktari*, kumbe si daktari. Kwa hiyo ripoti inayotaka tu kueleza rai ya mtu ya wakati ule, bila kuikosoa, itumie *alikuwa na maoni kwamba* au *aliamini kwamba*.

7. Kipimo cha mfasiri

Chukua kauli nne za shahidi aliyemwona mtu bandarini Malindi:

1. *Najua ndiye niliyemwona.*
2. *Naamini ndiye niliyemwona.*
3. *Nadhani ndiye niliyemwona.*
4. *Nadhani huenda ndiye niliyemwona.*

Kila hatua inashuka, na ya nne imebeba shaka mbili: ya mwenye wazo na ya jambo lenyewe. Mfasiri asiifupishe ikawa ya tatu kwa kuona kwamba maneno yamezidi. Asiongeze pia *labda* juu ya *nadhani huenda* ili kulainisha zaidi. Hapo ndipo pana ziada, kwa kuwa *labda* na *huenda* hupima jambo lilelile. Kanuni ni kuhesabu shaka za msemaji, kutambua kila moja inamhusu nani au nini, kisha kuziandika zote bila kupunguza wala kuongeza. Hakika iliyomo katika kauli ni mali ya aliyeisema.