Black Mamba na milima ya Kisii

Wadau, leo naacha programu niongelee baiskeli. Boda boda ilianzia mpakani Busia miaka ya 1960: abiria kwenye keria, mwenzake anakanyaga pedeli. Busia ni tambarare. Kutoka Kisii mjini hadi Nyamira ni milima mitupu, na Black Mamba ni chuma kizito chenye gia moja! Kwa hiyo mlimani abiria alishuka, wakatembea wakipiga stori. Mwaka 2008 serikali iliondoa VAT kwenye pikipiki zisizozidi cc 250, na mwenye baiskeli akaanza kukosa wateja. Pikipiki inapanda bila kumshusha mtu, sawa, lakini inakunywa petroli kila siku. Mamba ilikunywa jasho tu, na ikiharibika, spana na kiraka cha tyubu vilitosha.