Kioo, Jua na Mate: Namna Koo Lilivyochunguzwa

Kwa karne nyingi matabibu walizijua nyuzi za sauti zaidi kwa kupasua maiti. Aliyefungua njia hakuwa daktari, bali Manuel García, mwalimu wa uimbaji mzaliwa wa Madrid. Mwaka 1854 alichukua kioo kidogo cha matabibu wa meno, chenye mpini mrefu, akakichovya katika maji ya moto na kukifuta kisishike ukungu, kisha akakiingiza nyuma ya kinywa chake. Kwa kioo cha pili alilielekeza jua kooni. Akaziona nyuzi zake mwenyewe zikifunguka na kufumba.

Huko Vienna, daktari Ludwig Türck aliwachunguza wagonjwa kwa njia hiyo mwaka 1857, lakini majira ya baridi yakamnyima jua, akaacha. Johann Czermak akaviazima vioo vyake, akatumia mwanga wa taa, na kazi ikasonga. Wawili hao waligombea sana sifa ya kutangulia. Haki iliyo wazi ni ya García.

Mwaka 1968 Wajapani Sawashima na Hirose walieleza mrija laini wa nyuzi za kioo unaopitishwa puani. Mwaka huohuo Cherry na Margulies, nchini Marekani, walihusisha vidonda vya zoloto na asidi ya tumboni. Daktari Koufman alilipanua suala hilo mwaka 1991, akionyesha kuwa wengi wa wagonjwa ambao asidi huwapanda hadi kooni hawana kiungulia kabisa: dalili zao ni sauti ya kukwaruza, kikohozi na kujisafisha koo kila mara. Mwaka 2001 ikatoka orodha ya dalili 8 za ugonjwa huo zinazoonekana kooni, zenye jumla ya alama 26. Alama zinazozidi 7 huashiria ugonjwa.

Ila wekundu wa koo, mojawapo ya dalili hizo, hausemi ulikotoka. Sigara, mzio na kupayuka huleta sura ileile. Hapo ndipo mate yalipoingia. Pepsini, kimeng'enya alichokitambua Theodor Schwann mwaka 1836, hutengenezwa tumboni; ikikutwa kinywani, kuna kilichopanda. Mate hutemwa katika kichupa chenye asidi ya sitriki, huzungushwa kwa mashine, kisha matone yake huwekwa kwenye kipimo kinachofanana na cha mimba, na mstari ukasubiriwa.

Tatizo ni kwamba pepsini huja na kutoweka. Mgonjwa yuleyule huweza kukosa mstari alfajiri na kuupata baada ya chakula, na hata wazima wengine huwa nayo. Kwa hiyo penye shaka bado hupitishwa puani waya mwembamba wenye vihisio, ukakaa humo saa 24, ukihesabu kila mara asidi inapopanda.