Orodha ya Anga Iliyoanzia Ngomeni

Mchana wa tarehe 12 Desemba 1970, Wakenya wakiadhimisha miaka saba ya kujitawala, roketi ya Marekani aina ya Scout iliruka kutoka jukwaa la San Marco, lililosimamishwa baharini karibu na Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Walioirusha walikuwa Waitaliano wa kikosi cha Profesa Luigi Broglio. Roketi hiyo ilibeba setilaiti yenye uzito wa kilo 140 hivi ambayo, kwa heshima ya siku hiyo, iliitwa Uhuru. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa mahususi kwa kuchunguza eksirei zinazotoka angani.

Kwa mkazi wa Manzese au Mbagala habari hiyo ni ya mbali na ya zamani. Hata hivyo, kazi iliyoanza siku ile kwenye maji ya pwani yetu ya Afrika Mashariki imefika mahali ambapo kijana mwenye kompyuta mpakato anaweza kushiriki akiwa hapo hapo Mbagala. Namna ilivyofika huko ndiyo historia yenyewe.

Ngomeni ilichaguliwa kwa sababu iko karibu na ikweta. Hapo uso wa dunia huzunguka kwa kasi ya kilometa 1,670 kwa saa, na roketi inayoelekea mashariki hupata msukumo wa bure. Tena setilaiti inayopita juu ya ikweta hukwepa sehemu kubwa ya mionzi iliyonaswa kuizunguka dunia, ambayo ingevuruga vipimo.

Setilaiti ilihitajika kwa sababu hewa tunayovuta huzuia eksirei za angani zisifike ardhini. Mwaka 1962 kundi la Riccardo Giacconi lilitumia roketi ndogo kugundua chanzo cha kwanza cha eksirei nje ya mfumo wa jua letu, kikaitwa Scorpius X-1. Lakini roketi za namna hiyo zilikaa juu dakika chache tu kisha zikaanguka. Uhuru ilikaa kazini zaidi ya miaka miwili, hadi Machi 1973, ikapekua anga lote. Orodha yake ya mwisho, iliyochapishwa mwaka 1978, ilikuwa na vyanzo 339. Mwaka 2002 Giacconi alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia.

Orodha pekee haielezi kitu. Wanasayansi walipotazama vipimo vya chanzo kimoja, Centaurus X-3, waliona mapigo yanayorudi kila baada ya sekunde 4.8. Mapigo hayo yalikuwa yakiharakishwa na kucheleweshwa kidogo katika mzunguko wa siku mbili hivi. Walipoyapigia hesabu, jibu likawa kwamba hiyo ni nyota ya nutroni, ndogo na nzito mno, inayoizunguka nyota kubwa na kuinyonya gesi. Chanzo kingine, Cygnus X-1, kilionyesha mabadiliko ya kasi yasiyo na mpangilio, nacho kikawa miongoni mwa vitu vya kwanza kutambuliwa kuwa shimo jeusi. Kwanza vipimo, kisha orodha, kisha modeli ya kihesabu inayojaribiwa dhidi ya vipimo: huo ndio utaratibu wa fizikia ya nyota hadi leo.

Vyanzo 339 vinaenea kwenye kitabu. Mambo yalibadilika darubini zilipoanza kumwaga takwimu nyingi kuliko mtu anavyoweza kuzisoma. Mwaka 2001 Jim Gray, bingwa wa kanzidata, na Alex Szalay wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walifungua SkyServer, kanzidata ya wazi ya upimaji wa anga wa Sloan. Wazo lao lilikuwa jepesi: takwimu zikiwa nyingi mno, usizisafirishe, peleka swali kule ziliko. Mtafiti huandika mistari michache ya lugha ya SQL, seva inatafuta, na kinachorudi ni jibu tu. Modeli nazo zikafuata njia hiyo. Mwaka 2005 kompyuta kuu ya Garching, Ujerumani, ilikokotoa kuumbwa kwa galaksi kwa kutumia chembe bilioni 10, katika kazi iliyoitwa Millennium. Baadaye matokeo yake yaliwekwa kwenye kanzidata ambayo watafiti wa nje nao wangeweza kuiuliza.

Njia ya pili ilikuwa gridi: kuunganisha kompyuta nyingi zilizotawanyika zifanye kazi moja, kama vile mabwawa ya Mtera na Kidatu yanavyolisha umeme waya ule ule unaofika Temeke. Mwaka 1999 Chuo Kikuu cha Berkeley kilianzisha SETI@home, na mamilioni ya watu wakajitolea kompyuta zao zichambue mawimbi ya redio ya angani. Einstein@Home ilifuata mwaka 2005. Agosti 2010 ilitangaza pulsa mpya, yaani nyota ya nutroni inayotoa mapigo ya redio, iliyopatikana kwenye takwimu za darubini ya Arecibo, na kompyuta zilizoikamata zilikuwa za watu wa kawaida wa Iowa na Mainz.

Miaka hiyo Dar es Salaam ilikuwa nje ya mchezo. Intaneti yetu ilitegemea setilaiti, kwa bei ya kutisha. Tarehe 23 Julai 2009 mkongo wa intaneti wa baharini wa SEACOM ulipozinduliwa, mlango ulifunguka, ingawa haukufunguka sawa kwa njia zote mbili. Gridi ya kujitolea inataka kompyuta iwashwe usiku na mchana. Kwa anayenunua umeme wa LUKU na bando la wiki, hiyo ni gharama isiyo na faida ya haraka. Kanzidata haina masharti hayo. Kwa mfano, takwimu za chombo cha Ulaya kiitwacho Gaia, zilizotolewa Juni 2022, zina nyota zipatazo bilioni 1.8, nazo ziko wazi kwa yeyote. Swali moja na jibu lake dogo vinaweza kugharimu bando pungufu ya video fupi ya muziki.

Kinachotupungukia ni watu wa kuuliza. Dk. Noorali Jiwaji, aliyekuwa mhadhiri wa Chuo Kikuu Huria, chenye makao yake Kinondoni, amewaelimisha Watanzania kuhusu nyota kwa miaka mingi, na jua lilipopatwa tarehe 1 Septemba 2016 umati ulikusanyika Rujewa kushuhudia. Hamu ipo. Lakini darubini kubwa ya redio ya SKA ilipotafuta nchi shiriki barani Afrika, majirani zetu Kenya, Zambia na Msumbiji waliingia kwenye orodha, Tanzania haikuwemo.

Mahali pa kuanzia tunapo. Chuo Kikuu Huria kiko Kinondoni, tume ya sayansi na teknolojia, COSTECH, iko Kijitonyama, na chuo cha ualimu cha DUCE cha Chang'ombe, wilayani Temeke, kinafunza walimu wa sayansi. Mwalimu wa fizikia akihitimu pale akiwa anajua kuandika SQL na kuiuliza kanzidata ya Gaia, atawafundisha wanafunzi wake sayansi halisi bila kusubiri darubini ya mabilioni. Wakuu wa vyuo hivyo waliingize somo hilo kwenye mitaala. Mwaka 1970 Afrika Mashariki ilitoa bahari na ikweta, hesabu wakafanya wengine. Safari hii hatuna kisingizio.