Mkataba Usio na Hakimu

Msomaji, ukishika barabara itokayo Athi River kwenda Namanga, utapita Kitengela pamoja na maduka yake na magari yake mengi, utapita Isinya, na baadaye utaingia Kajiado. Nchi hiyo, ambayo sehemu yake kubwa leo imekatwa viwanja na kuzungushiwa seng'enge, zamani ilikuwa malisho ya wazi ambamo ng'ombe na nyumbu walikula pamoja. Sina nia ya kusimulia habari za viwanja. Nakusudia kukueleza habari za hati mbili zilizowahusu watu wa nchi hiyo, kisha nikuchukue mbali, hata Prague na Vienna. Kwa maana swali lililoulizwa mahakamani Mombasa mwaka 1913 juu ya hati hizo ndilo lile lile linalowakabili mabalozi wa dola kuu wanapojadiliana juu ya silaha za nyuklia. Swali lenyewe ni hili: mkataba ukivunjwa, aliyedhulumiwa akashtaki wapi?

Agosti 1904, Olonana, laibon mkuu wa Wamasai, pamoja na wazee wenzake, walitia alama zao katika mapatano na Sir Donald Stewart, Kamishna wa Himaya ya Afrika ya Mashariki. Wamasai walikubali kuondoka katika Bonde la Ufa, penye nyasi nzuri na karibu na reli, ili walowezi wapate nafasi. Wao wakatengewa sehemu mbili: moja kaskazini, Laikipia, na nyingine kusini, upande huu wa Kajiado. Huko Kinangop waliachiwa eneo dogo la maili tano za mraba kwa ajili ya sherehe za jando. Hati ikasema kwamba mapatano hayo yatadumu muda wote ambao Wamasai watakuwapo duniani kama kabila. Hebu yapime maneno hayo, msomaji. Ni nani awezaye kuahidi muda mrefu kuliko huo?

Muda huo ulikuwa miaka saba. Walowezi waliitamani Laikipia, na Aprili 1911, majuma machache tu baada ya Olonana kufariki, Gavana Sir Percy Girouard akafanya hati ya pili, iliyowataka Wamasai wa kaskazini wahamie kusini pamoja na mifugo yao. Mkubwa katika waliopinga kuhama alikuwa ole Gilisho, kiongozi wa Wapurko, ambaye Waingereza walimwita Legalishu. Safari ya kwanza ilivunjika njiani kwa mvua na baridi, na mifugo wengi wakafa. Hata hivyo serikali haikuacha, na kufikia mwaka 1913 kazi ya kuwahamisha ilikuwa imekwisha.

Ndipo Ole Njogo na wenzake walipofanya jambo ambalo watawala hawakulitazamia: walikwenda mahakamani. Walidai kwamba hati ya 1904 ilikuwa ingali hai, na kwamba waliotia alama katika ile ya 1911 hawakuwa na mamlaka ya kuwafunga Wamasai wote. Mahakama Kuu huko Mombasa ilikataa madai yao mwezi wa Mei 1913, na Mahakama ya Rufani ikayakataa Desemba mwaka ule ule. Sababu waliyoitoa majaji yafaa isomwe polepole. Hawakusema kwamba Wamasai walitendewa haki. Walisema kwamba, mbele ya Mfalme wa Uingereza, Wamasai walikuwa kama taifa la kigeni. Kwamba hati zile zilikuwa mikataba baina ya wenye enzi wawili. Na kwamba mahakama ya nchi haina uwezo wa kuamua juu ya mkataba wa namna hiyo. Heshima ya ajabu kweli! Wamasai walipewa cheo cha dola siku ile ile ambayo cheo hicho kiliwafungia mlango wa haki.

Basi kwa hukumu hiyo hati ya Olonana iliingizwa katika jamaa moja na mikataba ya mataifa makuu. Na tuitazame jamaa hiyo, hasa mikataba ile ambayo kuvunjika kwake kungeweza kuwaangamiza hata watu wasiojua kwamba iliandikwa.

Mwaka 1986 silaha za nyuklia duniani zilifika kiasi cha 70,000. Siku hizi zimebaki kama 12,000, na karibu tisa katika kila kumi ni za Urusi na Marekani. Upungufu huo ulitokana kwa sehemu kubwa na watu waliokaa mezani miaka mingi wakibishana juu ya hesabu. Desemba 1987 Rais Reagan na Gorbachev walitia sahihi mkataba wa kuharibu makombora ya masafa ya kati, na makombora 2,692 yakaharibiwa mbele ya mashahidi wa pande zote mbili. Julai 1991, huko Moscow, ukafuata mkataba mkubwa uitwao START, ulioweka mpaka wa vichwa 6,000 kwa kila upande. Huo ulikuwa na muda wake, miaka kumi na mitano, nao ukaisha Desemba 2009 kabla mwingine haujawa tayari. Ulikuwapo mkataba mfupi wa Moscow wa mwaka 2002 uliokuwa ungali hai, lakini haukuwa na wakaguzi, na kwa miezi kumi na minne marais wawili walitegemea ahadi tu ya kuendelea kufuata nia ya ule wa zamani. Hatimaye, tarehe 8 Aprili 2010, Obama na Medvedev walitia sahihi huko Prague mkataba uitwao New START: vichwa 1,550 vilivyo tayari kutumika, na vyombo 700 vya kuvirushia, yaani makombora ya nchi kavu, makombora ya nyambizi na ndege za kutupa mabomu.

Utauliza: ikiwa hakuna hakimu, ni nini kilichoufanya mkataba huo ushikwe? Hapa ndipo hati ya 1904 inapotusaidia kufahamu, kwa sababu ya kile ilichokosa. Katika New START kila kombora na kila ndege ilikuwa na namba yake, kama vile ng'ombe wa Kajiado anavyotiwa chapa ya mwenyewe. Kila upande uliruhusiwa kwenda kukagua kwa mwenzake hata mara 18 kwa mwaka. Wakaguzi walifika kambini, wakachagua kombora, likafunguliwa kichwani, na vichwa vilivyofunikwa vikahesabiwa mbele yao. Mpaka mwanzo wa mwaka 2023 walikuwa wamekagua mara 328, na taarifa zaidi ya 25,000 zilikuwa zimepelekwa huku na huku. Je, Olonana angeweza kumtuma nani kwenda kumkagua Gavana? Na kama angegundua udanganyifu, angefanya nini? Urusi ikijitoa, Marekani nayo huwa huru siku hiyo hiyo. Hasara ni ya wote wawili. Serikali ya Kiingereza iliposogeza mpaka, haikupoteza hata mbuzi mmoja.

Lakini hata mkataba ulioandaliwa vizuri namna hiyo huzeeka, na mazungumzo juu ya kuufanya upya ni kazi ngumu kuliko ya kuuandika mara ya kwanza. New START ulipewa miaka kumi tangu 5 Februari 2011, na ruhusa ya kuongezwa miaka isiyozidi mitano. Juni 2020 wajumbe walikutana Vienna. Marekani ilitaka China iingizwe katika mapatano, na China, yenye silaha chache zaidi, ilikuwa imekwisha kukataa; Wamarekani wakaweka bendera ndogo za China mbele ya viti vitupu na kuvipiga picha. Urusi kwa upande wake iliuliza juu ya Uingereza na Ufaransa, na juu ya mitambo ya Marekani ya kuzuia makombora. Mimi naona kwamba kila upande ulitaka mkataba ujao utibu donda lake mwenyewe, na huku ule uliokuwapo ukiteketea kama mshumaa. Zilipobaki siku mbili tu, Februari 2021, serikali mpya ya Rais Biden ilikubaliana na Urusi kuuongeza ile miaka mitano, bila kubadili hata neno moja.

Wakaguzi walikuwa wamekwisha kusimamishwa tangu Machi 2020 kwa ajili ya ugonjwa wa korona, na hawakurudi tena. Mkutano wa kuwarudisha ulipangwa ufanyike katika bara letu, mjini Cairo, kuanzia 29 Novemba 2022, lakini vita vya Ukraine vilikuwa vimeharibu kila kitu, na Urusi ikauahirisha siku moja kabla. Tarehe 21 Februari 2023 Rais Putin alitangaza kwamba nchi yake imesimamisha kushiriki kwake. Septemba 2025 alipendekeza kwamba pande zote mbili ziheshimu viwango vile kwa mwaka mmoja baada ya mkataba kwisha. Pendekezo halikugeuka kuwa hati, na tarehe 5 Februari 2026 New START ukaisha bila mkataba mwingine kutiwa sahihi mahali pake.

Sasa tuwakumbuke wasio na silaha hizo. Visiwa vya Marshall, katika bahari ya Pasifiki, ni nchi ndogo ambayo Marekani ililipua ndani yake mabomu ya majaribio 67 baina ya 1946 na 1958. Mwaka 2014 visiwa hivyo viliyashtaki mataifa yenye silaha za nyuklia katika Mahakama ya Kimataifa huko The Hague, vikisema kwamba yameacha wajibu wao wa kujadiliana kwa nia njema ili silaha ziondolewe. Mahakama hiyo hiyo ilikuwa imesema mwaka 1996, katika ushauri wake, kwamba wajibu huo upo. Lakini tarehe 5 Oktoba 2016 ilikataa kuisikiliza kesi. Katika shauri dhidi ya Uingereza majaji waligawanyika nane kwa nane, na kura ya rais wa mahakama ndiyo iliyoamua. Nadhani Ole Njogo angeifahamu hukumu hiyo bila kuhitaji mkalimani.

Wengine walitafuta njia tofauti. Mwaka 1984 Mwalimu Nyerere wa Tanzania aliungana na viongozi wa India, Argentina, Sweden, Ugiriki na Mexico kuyataka mataifa makuu yaache kutengeneza na kujaribu silaha hizo, na mwaka 1986, mkutanoni Mexico, wale sita walijitolea kusaidia kuhakikisha kwamba majaribio yamekoma kweli. Hawakuomba kuwa mahakimu. Waliomba kuwa mashahidi, na ombi hilo silo dogo kama linavyoonekana.

Kazi hiyo ya ushahidi sasa inafanyika hapa kwetu. Upande wa Thika kuna mlima wa Kilimambogo, ambao Wamasai huuita Ol Doinyo Sabuk, yaani mlima mkubwa. Huko kipo kituo chenye chombo cha kupima mitetemo ya ardhi, nacho ni kimoja katika vituo vilivyoenezwa dunia nzima kwa mujibu wa mkataba wa mwaka 1996 wa kukomesha majaribio yote ya nyuklia. Korea ya Kaskazini ilipolipua mabomu yake sita, la kwanza mwaka 2006 na la mwisho 2017, mtandao wa vituo hivyo ulitambua kila mlipuko. Kenya imeuridhia mkataba huo. Marekani na China zimetia sahihi bila kuuridhia, Urusi iliondoa idhini yake mwaka 2023, na kwa sababu ya hao na wengine wachache mkataba haujaanza kutumika kisheria. Chombo cha Kilimambogo hupeleka habari zake Vienna mchana na usiku.