Gobore na Mitutu Miwili: Bunduki za Kale katika Nchi ya Wazaramo

Kiswahili ni ghala la silaha ambazo macho ya wengi hayajapata kuziona. Bunduki ya mrao ilikuwa ile iliyowashwa kwa utambi uliofukuta moto. Bunduki ya gumegume ilijiwashia yenyewe kwa jiwe lililogonga chuma. Ya fataki ikaja baadaye na kikofia chake kidogo cha shaba. Zote zilishindiliwa baruti na risasi kupitia mdomoni, kwa ufito uitwao mdeki, na aina hiyo ndiyo iliyobaki vijijini kwa jina la gobore. Anayetaka kuijua historia ya bunduki hizo hana haja ya kwenda mbali. Vilima vya Kisarawe na bonde la Ruvu upande wa Kibaha vimeziona zote zikipita.

Mwezi wa Juni 1857 msafara wa Waingereza Burton na Speke ulitoka Kaole, karibu na Bagamoyo, ukaufuata mto Kingani, ambao ndio Ruvu ya leo, kupenya nchi ya Wazaramo. Askari Mabulushi waliotolewa na Sayyid wa Unguja walichukua bunduki za mrao, hali mabwana wao wamejifunga bastola mpya za Kimarekani za kufyatua mara nyingi. Katika msafara mmoja zilikutana karne mbili za ufundi wa chuma. Wazaramo nao hawakuwa watazamaji tu. Walisimama njiani wakidai hongo, na misafara ililipa.

Bunduki zilipitia Unguja. Majeshi ya Ulaya yalipokuwa yakibadili silaha, zile kuukuu hazikutupwa; ziliuzwa Afrika. Birmingham ya Uingereza na Liège ya Ubelgiji zilikuwa na mafundi wengi walioishi kwa biashara hiyo. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza Unguja, Euan-Smith, alikadiria kuwa silaha kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Zanzibar kila mwaka. Nyingi zilivuka bahari kwenda Mrima, zikapanda bara pamoja na nguo na ushanga, na pembe za ndovu zikateremka pwani.

Ndipo ulipokuja mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890. Mkataba huo ulitiwa sahihi kwa jina la kupiga vita biashara ya utumwa, na ndani yake mlikuwa na vifungu juu ya silaha. Bunduki za kisasa zilizuiwa zisifike mikononi mwa wenyeji. Bunduki ya gumegume, yenye mtutu laini usio na mifereji ndani, pamoja na baruti ya kawaida, ndizo zilizoachiwa mlango. Maana yake ni kuwa udhaifu wa gobore haukutokana na uzee wake tu. Uliandikwa kwenye karatasi, ukatiwa muhuri.

Wakati huohuo bunduki ya mitutu miwili ilikuwa imefikia kilele chake. Mwaka 1875 William Anson na John Deeley, wa kiwanda cha Westley Richards mjini Birmingham, walibuni mtambo mwepesi uliofichwa ndani ya mwili wa bunduki, ambao mafundi wanaufuata hata leo. Mtumiaji huikunja bunduki katikati, akatia risasi mbili nyuma, akaifunga, na yuko tayari. Mwenye gobore wakati huo bado anapima baruti. Kwa jumla, chini ya Wajerumani, na baadaye chini ya Waingereza, mitutu miwili ilikuwa ya ofisa, mlowezi na tajiri. Gobore likabaki la mkulima.

Pengo hilo lilidhihirika katika vita vya Maji Maji, vilivyoanza Julai 1905 katika vilima vya Umatumbi na kufika Uzaramo. Askari wa Wajerumani walikuwa na bunduki za Mauser na bombomu. Wenyeji walikuwa na mikuki, mishale na magobore. Ahadi kwamba maji yangegeuza risasi kuwa maji imechekwa na wengi. Lakini mtu aliyeachiwa kwa makusudi silaha ya babu yake, ahadi hiyo ingemjia kama haki iliyocheleweshwa. Kibasila, kiongozi wa Wazaramo, alinyongwa, na shule moja ya sekondari ya Dar es Salaam imebeba jina lake. Vita vyenyewe vilitungiwa utenzi na Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi, ukachapishwa mwaka 1957.

Baada ya hapo gobore lilirudi kwenye kazi ya shamba. Mlinzi hupanda dunguni usiku na kuingoja nguruwe-mwitu kwenye mihogo. Wahunzi wakayatengeneza mabovu na kuunda mapya, hata kwa mabomba ya maji, ambayo hayakufuliwa ili kuhimili baruti.

Basi anayetamani kukusanya bunduki za kale aanze na kibali. Kwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha za Moto na Risasi ya mwaka 2015, gobore lisilo na kibali ni kosa, hata kama ni urithi. Pili, ajue kuwa baruti nyeusi ikikaa pakavu haifi. Gobore lililotundikwa ukutani miaka hamsini laweza kuwa limeshindiliwa bado. Fundi hutumbukiza mdeki mtutuni, akaweka alama mdomoni, kisha akaulinganisha kwa nje. Usipofika mwisho wa mtutu, kuna kitu ndani. Tatu, asome mihuri. Herufi ELG ndani ya duara la mviringo ni ya Liège. Taji na fimbo mbili za kifalme zilizopishana ni ya Birmingham. Mihuri hiyo husema pia mtutu ulijaribiwa kwa baruti ya namna gani. Mitutu mingi ya zamani ilisukwa kwa nyuzi za chuma na feleji, ikapambika kama maji yenye mawimbi, nayo ilikusudiwa baruti nyeusi. Risasi ya leo yaweza kuipasua mkononi mwa mpigaji. Hata urefu wa risasi ni hatari: nyingi za kale zilichongwa kwa milimita 65, na za sasa huwa 70. Bila fundi wa silaha kuipima na kuithibitisha, isipigwe.

Kila serikali inapotangaza muda wa kusalimisha silaha, magobore hutoka darini na kwenye mapaa ya makuti. Mengi huishia motoni, na vijiji hupata usalama. Lakini mihuri nayo huyeyuka, na pamoja nayo huondoka jina la mhunzi na njia ya msafara. Picha moja ya muhuri, jina la kijiji na maneno machache ya mzee aliyeleta yangetosha kuandikwa daftarini kabla chuma hakijaingia tanuruni. Bunduki haihitaji kulia tena ili isikike.